Ngamia Kwenye Bicha ya Kihindi

Abaayo Hodhan,

Naanza na neno ulilonifundisha wiki ya kwanza nilipofika Garissa, nikiwa sijui hata kuomba maji. Ulisema maana yake ni dada, na kwamba nikilisahau nisikusalimie tena. Sijalisahau. Sasa kaa vizuri, maana nina habari na leo sitaki kulia. Kulia nililia mwezi ule wa kwanza, tena machozi mengine yalimdondokea mteja kichwani nikimsuka, akadhani nampulizia maji.

Saluni ipo. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Pazia letu la kijani lipo mlangoni, misumari ya kutundikia mabuibui ipo, na kiti chako cha hina kipo palepale chini ya televisheni. Lakini ilibaki kidogo, abaayo. Ilibaki kidogo sana.

Ulipokwenda Wajir kwa mama yako ulisema ni wiki mbili tu za kupumzika. Simu ilikuja siku ya tisa. Na nyinyi hamcheleweshi maiti. Mimi bado nimeshika kichana, sijui nitafute gari au nikae chini, wewe ulikuwa umeshazikwa. Nilikasirika. Nilimkasirikia Mungu, nikakukasirikia na wewe, kwa kunificha ugonjwa ulipokuwa umefika. Hilo nakusamehe kidogo kidogo, usinisukume.

Wateja wakaanza kupungua. Nilipata msichana wa hina, mkono wake mzuri, sina la kumlaumu. Lakini wanawake walikaa, bicha ya Kihindi ikacheza, na hakuna aliyejua kinachoendelea. (Ndiyo, naandika bicha. Miaka sita nilikucheka kwa kushindwa kusema picha, na sasa hata nikimpigia mama yangu kule Mwingi nasema bicha, ananiuliza nimekula nini.) Mama Sahra, yule muuza maziwa, alikaa robo saa, akavaa buibui lake. "TV imekuwa bubu," akasema, akaenda zake.

Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wakija kwa ajili ya mkono wangu, wala wako. Walikuja kukusikiliza. Unachora maua kwenye kiganja cha mtu, macho chini, na mdomo unatafsiri: huyu wa sari nyekundu anamwambia mwenzake, usilie, nitabeba nusu. Unawaambia wao kwa Kisomali, kisha unanigeukia na Kiswahili chako ili nisiachwe nyuma. Kila bicha ilikuwa hivyo. Wanawake wawili wanapendana, dunia inawasonga, wanabebana, wanashinda. Nilikuwa nashangaa wanaume wa Kihindi wanalipwa ya nini, maana kwenye bicha zako hawakuwa na kazi yoyote.

Na mtu akifa, hukukubali hata siku moja. Amefunikwa shuka jeupe, ukoo mzima unapiga vifua, na wewe hata kichwa huinui: "Huyo hapana kufa, abaayo. Yeye ameenda Wajir kwa mama yake." Saluni nzima inacheka mpaka hina inaharibika.

Basi nilifunga mabegi. Nilishamwambia mwenye nyumba natoka mwisho wa mwezi, narudi Mwingi nikasuke wanakwaya. Ikabaki kazi moja tu, bibi harusi na wanawake wa kwao, kumi na mmoja, ambao walikuwa wamepatana na wewe tangu zamani na hawakutaka kuvunja ahadi. Mama Sahra alikuwa miongoni mwao. Walikuja Jumatano baada ya adhuhuri, joto lile la kukausha mate. Wakavua mabuibui, wakawasha uunsi, ule ubani wenu, moshi wake ukanukia kama siku zetu, na mimi nikaweka bicha uliyoipenda, ile ya sari nyekundu na sari ya bluu, ili tu chumba kisiwe kimya.

Kumbe shangazi wa bibi harusi, Eedo Shukri, alikaa India mwaka mzima akimuuguza mumewe hospitalini. Kihindi anakisikia vizuri kabisa. Hazikupita dakika tano akapiga paja. "Nani alisema hawa marafiki? Hawa iko na fita! Huyu mwekundu anatia sumu kwa chai ya mwenzake. Wanataka bwana moja!"

Wote wakanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyewadanganya.

Hodhan! Miaka sita! Hukujua hata neno moja la Kihindi, wewe mwanamke! Nilitaka kukupigia simu nikutukane. Nilisimama pale na kichana mkononi, nikacheka peke yangu mpaka msichana wa hina akaniletea maji. Halafu nikakumbuka siku niliyoshuka kwenye basi na godoro langu, jua la saa saba, wapita njia wote wananizunguka kama jiwe la barabarani. Ukatokea wewe, mgeni kwangu kabisa, ukashika upande mmoja wa godoro. "Nitabeba nusu," ukasema. Wale wanawake wawili wa sari walikuwa ni sisi, tangu mwanzo, kila bicha. Na mimi nilikaa hapo miaka yote nikisuka, nikiwaonea wivu.

Sikuweza kukuacha uitwe mwongo kwenye kiti chako mwenyewe. Nikamwambia Eedo Shukri, kwa heshima zote, kwamba Kihindi cha hospitali ni kingine na cha bicha ni kingine. Kisha nikaanza kutafsiri. Kwa Kisomali, abaayo! Kisomali changu kile cha kuokoteza sokoni, ambacho ulisema kinaumiza masikio ya mbuzi.

Nikakosea palepale. Nilitaka kusema hawa hawagombanii ndoa. Ulimi ukateleza, guur ikawa geel, tena lile neno la kukanusha sikulisema. Nikatangaza mbele ya wanawake kumi na mmoja kwamba wanagombania ngamia.

Kicheko kile kama ungekisikia! Bibi harusi alianguka kwenye mto na mikono yake yenye hina mbichi juu. Mama Sahra akapiga makofi. "Hao iko na akili!" akasema. "Bwana ya nini? Ngamia ana maziwa." Basi nikawaacha ngamia wabaki. Chai ikawa si ya sumu, ni ya dawa, maana mwenzake amechoka na kuchunga. Yule bwana mwenye masharubu nikamfanya dalali wa mifugo, anayetaka kuwatenganisha ili awauzie kila mmoja kivyake. Eedo Shukri akajaribu kunisahihisha mara mbili, na bibi harusi akamwambia, "Eedo, nyamasa, tunataka ya Mwende." Kufika katikati, Eedo mwenyewe ndiye aliyevuta kiti. "Na ngamia wakisaa," akaniuliza, "mtoto ni wa nani?" Nikamwambia ni wa wote wawili. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Kisha tukafika mwisho, na unaujua mwisho. Sari ya bluu analala chini, shuka jeupe linakuja. Nilikuwa nimesahau. Kichana kikaanguka, nikainama kukiokota, nikasema moyoni, hapa ndipo ninaposhindwa.

Mama Sahra akaanza, na wengine waliokujua wakamfuata, sauti moja, wakiinua mikono yao yenye hina: "Hapana kufa! Ameenda Wajir kwa mama yake!" Wakapiga vigelegele, abaayo, kwenye shuka la maiti, mpaka wapita njia wakasimama nje ya pazia. Eedo Shukri peke yake ndiye aliyeuliza Wajir imeingiaje India.

Jioni ile nilifungua mabegi. Mwenye nyumba nilimwambia asahau. Sasa kila Jumatano wanajaa hadi wengine wanakaa sakafuni, na Eedo Shukri huja hata kama hana nywele za kusuka. Ananinong'oneza wanachosema kweli, nami nakigeuza. Kazi hiyo anaipenda kuliko alivyowahi kuipenda kweli yenyewe.

Mfungo ukiisha nakuja. Mama yako amesema atanisubiri, atanionyesha ulipolala. Nitakusimulia bicha zote ulizozikosa, na ukitaka kunisahihisha Kisomali, jaribu. Ulitafsiri uongo miaka sita, Hodhan, na katika yote uliyosema moja tu limekuwa kweli: uko Wajir, kwa mama yako.

Mungu akurehemu, abaayo. Lala. Nusu yako nimeibeba.

Mwende wako