Zamu ya Baba Kwenye Darubini

Jumatatu, 27 Juni

Sketi za shule zimejaa mezani. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na kila mzazi wa Mfaranyaki amekumbuka leo kwamba mtoto wake amekua. Nimevunja sindano mbili. Mgongo unawaka.

Baba kapiga simu kutoka kwake Mshangano. Hana shida, anasema. Alitaka tu kunieleza kwamba rafiki yake Mzee Haule kamtania tena. Jambo lile lile la tangu ujana wao. Wakiwa wavulana shule ya misheni, padri mmoja mgeni alikuja na darubini, wakapanga foleni uwanjani kuona pete ya sayari ya Zohali. Haule alikuwa mbele ya Baba. Haule akachungulia. Zamu ya Baba ilipofika, kengele ya kulala ikalia. Padri akafunga vitu vyake, na kesho yake akasafiri navyo. Tangu hapo, wakibishana juu ya chochote, mbolea, mpira, siasa, Haule humaliza kwa kuuliza: wewe umeona nini duniani?

Siku zote Baba hucheka. Leo hakucheka. Jicho la kulia limeshakufa kwa presha ya macho. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Najua alichokuwa anawaza. Na mimi nilikiwaza: huenda jicho litazimika kabla hajaiona pete ile.

Namnunulia Baba darubini. Basi, nimeshaandika.

Alhamisi, 30 Juni

Kuna duka mjini linauza darubini. Boksi lina picha ya sayari za rangi zote na maandishi makubwa kwamba inakuza mara mia sita na ushee. Muuzaji kanimwagia sifa mpaka nikaanza kulainika. Nikaomba kwanza niitazame minara ya kule mlima Matogoro, nikiwa pale pale mlangoni. Nikaona ukungu wenye rangi ya zambarau pembeni. Miguu yake kama ya kifaranga, nikipumua inatikisika.

Nikamwambia nitarudi. Sirudi. Watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini huyu gunia lake lilikuwa wazi na mbuzi nimemwona.

Jumamosi, 2 Julai

Benja, mdogo wangu aliyeko Dar, kaniunganisha na rafiki yake anayefundisha fizikia. Kijana ana subira. Nimemuuliza maswali ya kijinga tupu, kayajibu yote kwa ujumbe wa sauti huku mimi napiga pasi.

Nilichoelewa: usidanganywe na namba ya kukuza. Tazama upana wa kioo cha mbele, maana kioo ndicho kinachokusanya mwanga. Kukuza bila mwanga ni kuvuta kitambaa kibovu, kinatanuka na kuonyesha matundu. Hilo la kitambaa ni langu, mwalimu kalicheka. Kwa anayeanza, kioo cha milimita sabini kinatosha, na pete ya Zohali itaonekana. Ndogo, lakini itaonekana. Halafu miguu iwe imara, la sivyo ni bure. Hapo sikuhitaji maelezo. Nina cherehani moja ya namna hiyo.

Benja ataitafuta na kuituma kwa basi.

Jumatano, 6 Julai

Imefika. Sikushona chochote leo na sijutii.

Nilipoipeleka kwa Baba sikutaka ipigwepigwe kwenye kikapu cha bodaboda. Nikaifunga mgongoni kwa kitenge, na miguu yake nikaipakata. Njiani dereva akasimama kununua vocha. Mama mmoja anayeuza ndizi kanitazama mgongoni, kaniambia nimfunike mtoto kichwa, baridi hii itamuua. Nikamshukuru. Nikamfunika.

Baba alidhani nimeleta bomba la jiko. Nilipomwambia ni nini, akakaa chini. Kisha akanituma nikamwite Haule, halafu akasema hapana, usimwite kwanza.

Jioni tukaitoa uani. Giza. Nikazungusha kila kinachozunguka. Giza vile vile. Nikaanza kumlaani Benja. Baba ndiye aliyepapasa mbele akauliza hiki kifuniko ni cha nini.

Tukacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa. Mungu wangu. Kwenye ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza kuna milima yenye vivuli. Baba akasema unafanana na ukuta wa udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Akarudia kutazama mpaka shingo ikakakamaa. Nimefurahi kuliko siku niliyonunua cherehani ya umeme.

Alhamisi, 7 Julai

Nimelala kwa Baba. Mchana tumefanya kazi aliyotuagiza mwalimu. Juu ya darubini kuna kidarubini kidogo cha kulengea, na lazima viwili hivyo vitazame mahali pamoja. Tukalenga mnara wa Matogoro, nikakaza na kulegeza skrubu mpaka vikakubaliana. Karibu na jua hatusogei, mwalimu kasema jicho linakwenda mara moja na halirudi. Baba akasema hilo la pili si la kuchezea, basi.

Miguu bado inatikisika kidogo upepo ukija. Nimetundika katikati yake pasi yangu kuukuu ya mkaa, ninayoiacha hapa kwa Baba. Tupu, bila mkaa. Imetulia kabisa. Najivunia.

Jumatatu, 18 Julai

Kliniki ya macho. Wamepanga operesheni tarehe 11 Agosti. Daktari kasema bila kuzunguka: kilichopotea hakirudi. Wanajaribu kukizuia kilichobaki. Kuna wanaoamka wakiwa nacho, na kuna wachache wanaoamka bila hata hicho.

Kauliza kama tuna swali. Baba akauliza Zohali inaonekana lini. Daktari akanitazama mimi.

Mwalimu anasema mwishoni mwa mwezi huu itakuwa inachomoza mashariki jioni, watu wakiwa wanamaliza kula. Kwa hiyo tuna siku chache. Naogopa. Sijamwambia Baba kwamba naogopa, na yeye hajaniambia.

Jumanne, 26 Julai

Mawingu. Jana mawingu. Juzi manyunyu. Kiangazi gani hiki.

Ng'ombe wa maskini hazai.

Jumamosi, 30 Julai

Leo kweupe. Nyota zimejaa kama mtama uliomwagika. Tukamwita Mzee Haule, Baba mwenyewe ndiye aliyetaka. Nilimpa shikamoo, akanijibu marahaba binti yangu, leo baba yako anakwenda kuona nilichokiona mimi akiwa bado ananyonya. Baba akamtukana kwa Kingoni. Siandiki alivyomtukana.

Baridi ya kukata masikio. Darubini nilikuwa nimeiweka jikoni tangu mchana, karibu na mafiga, imeviringishwa blanketi isipate baridi. Nikaitoa. Nikaweka jiko la mkaa mbele ya miguu yake ili wazee waote moto wakati wanasubiri. Kila kitu nimekipanga kwa upendo.

Nikaipata Zohali. Nina hakika ni yenyewe, nyota ya manjano isiyometameta. Lakini ndani ya darubini ilikuwa inachemka. Inarefuka, inapasuka, inaungana tena, kama uji ulio jikoni. Baba akatazama muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba anaona kitu kinachochemka.

Haule akasema Zohali yake yeye ilikuwa imetulia.

Baba akaingia ndani kulala. Alisema ni macho yake. Si macho yake, hata mimi niliona inachemka. Nimemwambia, hakuamini. Nimemtumia Benja ujumbe mkali kwamba kanunua takataka, na amenijibu kwa ukali zaidi. Nina hasira na kila mtu, na mimi nikiwa wa kwanza.

Jumatano, 3 Agosti

Nimeijua.

Nilikuwa napiga pasi suruali ya bwana harusi. Nimeweka pasi pembeni, mkaa umekolea vizuri, nikainua macho kutazama kalenda ukutani nihesabu siku zilizobaki. Tarehe zilikuwa zinacheza. Zinarefuka, zinapasuka, zinaungana. Nikasogea upande. Zikatulia. Nikarudi nyuma ya pasi. Zikacheza.

Lile jiko. Nimeweka jiko la mkaa mbele ya darubini na kumtaka Baba aione Zohali kupitia moto wake. Na bomba lenyewe nimelipika jikoni mchana kutwa, ndani likawa na hewa ya moto. Nikampigia mwalimu pale pale. Akacheka, akasema huko kwao Dar hakuna anayeota moto, ndiyo maana hakufikiria kuniambia. Darubini itangulie nje ipoe, ilingane na hewa ya nje. Haitaki blanketi. Si mtoto.

Nimemwomba Benja msamaha. Kanidai chakula nikienda Dar. Suruali ya bwana harusi imeungua kidogo kwenye pindo, nitaigeuza ndani.

Jumatatu, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wamekwenda kwenye maonyesho. Mimi nimekaa uani kwa Baba natazama mawingu. Jioni yakafunga kabisa.

Keshokutwa analazwa wodini. Imebaki kesho tu.

Baba amekula vizuri. Mimi sikula.

Jumanne, 9 Agosti

Naandika nikiwa kwa Baba, kwa taa ya simu.

Asubuhi mawingu. Mchana mawingu. Alasiri upepo ukaanza, ukayasukuma kuelekea Tunduru, mpaka jua linazama mbingu ilikuwa imefuliwa. Nikaitoa darubini ikiwa wazi, peke yake katikati ya uwanja kwenye baridi ile. Nilijiona kama mama aliyetupa mtoto. Jiko likabaki jikoni na mlango ukafungwa. Baba akavaa makoti mawili na blanketi juu. Mzee Haule alikuja na shali ya mkewe kichwani, akanionya nisimcheke. Sikumcheka sana.

Pasi nikaitundika mahali pake.

Nikalenga. Nikachungulia. Sikuamini, nikafuta jicho, nikachungulia tena. Imetulia kama kifungo kwenye kitambaa cheusi. Kidogo, cha manjano, na pete yake imekizunguka pande zote mbili. Nikaondoka haraka nisije nikaisukuma. Nikamwambia Baba asiguse kitu, mikono aiweke nyuma.

Akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Akainama. Nikamshika bega kumsogeza mpaka jicho likakaa sawa. Kile kijisehemu cha katikati kilichobaki, ndicho tu kinachohitajika hapo.

Akatazama. Akaendelea kutazama. Nikadhani imekataa.

Kisha akasema, "Ipo."

Kwa sauti ndogo sana. Hakuondoka. Zohali haikai mahali, inatembea mpaka inatoka kwenye kioo, nikawa nairudisha, naye anangoja ameinama. Nikairudisha tena na tena. Nimelia waziwazi, sikujificha.

Alipotosheka akasogea mwenyewe. Akamwambia Haule njoo uitazame mara ya pili.

Mzee Haule akainama. Akakawia kuliko Baba. Halafu akasema, kama mtu anayejisemea, "Kumbe inayo kweli."

Sote tuliisikia. Baba akamuuliza kwa utaratibu kabisa, si ulisema uliiona? Haule hakuinua kichwa kwenye darubini. Alijibu akiwa ameinama vile vile. Siku ile alimwogopa padri mpaka akafumba macho yote mawili. Aliona giza. Alipotoka wenzake wakamuuliza, na aliyemtangulia alikuwa amesema ni kama bangili, basi naye akasema bangili. Baada ya hapo angesemaje.

Nilitegemea Baba amlipize miaka yote ile. Alistahili. Badala yake alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka nikamletea kigoda. Haule naye akaanza kucheka, shali ikaanguka chini. Wazee wazima, wanashikana mikono na kufutana machozi kwenye baridi.

"Basi wewe na mimi tumeiona siku moja," Baba akasema.

Nikachukua zamu yangu. Nikatazama mpaka nikashiba.

Alhamisi, 11 Agosti

Ameingia chumba cha operesheni asubuhi, ametoka mchana. Jicho limefungwa. Mzee Haule amekaa kwenye benchi nje ya wodi tangu alfajiri, hataki kwenda kula. Hakuna la kufanya ila kusali na kungoja.

Jumapili, 28 Agosti

Kilichobaki kimebaki. Presha imeshuka, daktari ameridhika. Lakini bado kuna ukungu, huenda ukapungua na huenda usipungue. Baba anaona mlango, anaona mtu amesimama, anamjua kwa sauti. Jana alijaribu darubini akaona mwanga tu, hakuna pete. Nilinyong'onyea. Yeye akasema alishaiona.

Leo baada ya misa ya jioni majirani wamekuja. Habari imeenea Mshangano nzima. Baba aliagiza mapema darubini itolewe ipoe, na jiko lisisogezwe hata kwa bahati mbaya. Sasa anakaa kwenye kigoda pembeni yake na kusimamia foleni. Anamwambia kila mmoja aweke mikono nyuma. Haule anawaeleza wanaongoja kwamba yeye mara ya kwanza hakuona kitu. Anaisimulia vizuri sana siku hizi.

Zamu ya binti mdogo wa jirani ilikuwa imeanza tu mama yake alipoita kutoka ng'ambo ya ua. Chakula tayari. Akaita tena, kwa ukali. Mtoto akataka kuondoka.

Baba akanyoosha mkono, akampata begani, akamrudisha taratibu kwenye kioo. Akamwambia atazame mpaka atosheke, hapa hakuna kengele.

Mama yake akaja kumfuata. Nikampa kigoda, akakaa kwenye foleni.