Transfoma ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Wifi kaleta mota tatu za stepa, zile za kuzunguka hatua kwa hatua. Mke wa mdogo wangu huyo, miezi minne tu kwenye karakana yetu! Anaunda mashine ya kuchonga vibao vya milangoni, eti ichonge yenyewe. Mama kaacha kazi zake, anazizungusha zile mota kwa kidole na kucheka: mkwe wangu ana kichwa! Miaka kumi na tisa nasuka transfoma meza ile ile, sijaambiwa nina kichwa. Mimi naambiwa nina mikono.

Jumatano, 5 Machi
Mashine haijaisha, oda ishakuja. Hospitali inataka vibao sitini. Mdogo wangu anapita akipiga mluzi kama yeye ndiye kaunda. Naona wivu, basi. Nimeandika na sijafa.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja mezani kwangu na adabu zake zile. Wifi, nisaidie, programu naziweza, umeme ndiyo wako. Transfoma ya volti 24 itafaa? Kanionyesha dreva, vile vibodi vidogo vya kuendeshea mota. Vimeandikwa: mwisho volti 30. Mwenye kichwa, na hajui! Ile 24 ikishapita kwenye daiodi na kapasita inafika 34. Alihitaji ya 18. Ninayo rafuni, nimeisuka mwenyewe.
Nikamwambia 24 inatosha.
Kanishukuru. Mara mbili!

Ijumaa, 7 Machi
Najiambia dreva zikiungua ataagiza nyingine, si msiba. Uongo – hizi zimechukua wiki sita kufika.

Jumamosi, 8 Machi
Niko stoo, mlango nimeurudishia. Nimesema naleta bisibisi. Mashine imekwisha, nje wanataka kuiwasha. Mama kavaa nguo ya kutokea, bwana aliyetumwa na hospitali kuja kuiona kapewa kiti. Wifi kabandika karatasi kwenye boksi la mashine: "Umeme – hesabu za wifi yangu, fundi mkuu." Mama kaisoma kwa sauti. Halafu kanitazama mimi – mimi! – akasema, huyu mwanangu nilijua tu.
Kubadilisha transfoma ni dakika kumi. Lakini nitasema nini? Kwamba nimekumbuka leo? Wifi si mjinga, atanitazama usoni na atajua.
Ananiita. Wifi, njoo uiwashe wewe, heshima ni yako. Mama naye anaita.
Sasa mdogo wangu anasema huyo kazamia huko, jamani, acheni niwashe mimi –