Kipindupindu chenye machozi

Jumanne usiku, Kamanyola

Nilikuwa nimeshasema ni kipindupindu. Huku kwetu mtu akitapika na kuharisha, hata mlinzi wa getini atakuambia hivyo. Nami, muuguzi mwenye mvi, nikamlaza Byamungu, mkulima wa nyanya wa Katogota, kwenye kitanda chenye tundu la kuharishia, nikamtundikia serumu, yale maji ya mshipani.

"Muganga," mke wake akasema, "tangu asubuhi iko nalia machozi na kutosha mate kinywani sawa mutoto. Miye naona haya."

Machozi? Mwenye kipindupindu hukauka. Nikamfunua macho, mboni zilikuwa kama ncha ya sindano. Shati lake lilinuka dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Mke akasema pampu yake ya kunyunyizia huvujia mgongoni.

Basi, asetilikolini, kemikali ya mwilini. Neva huituma iamuru mate, jasho na utumbo vifanye kazi, kisha mwili huifuta papo hapo. Sumu ile huzuia isifutwe, amri haikomi, na mapafu hujaa majimaji. Serumu yangu isingemwokoa.

Tukamvua, tukamwosha kwa sabuni. Nikamchoma atropini, ambayo huziba masikio ya viungo visisikie ile amri. Nikarudia, nikarudia tena. Kifua kiliendelea kukoroma. Niliogopa, maana chupa za atropini zilikuwa zinakwisha na…

Jioni kifua kikatulia, akafumbua macho. "Muganga, kinywa kimekauka sawa udongo! Huku munanyimaka bantu maji?"

"Mubaba, shukuru kwanza!" mke wake akamfokea.

Kinywa kikavu, ishara kwamba atropini imeizima ile amri, ndicho nilichokuwa nakitafuta mchana kutwa. Nikamwomba alalamike tena.