Mtemi wa Kinyangiri

Jumatano, 17 Desemba

Sare za shule kumi na nne. Nimekata zote, nimeshona tano. Mgongo unauma. Mama kaniuliza mara ya tatu leo, wajukuu wa Dar wanafika lini.

Jioni mdogo wangu Samweli kapiga simu. Anasema huenda akaja peke yake Krismasi hii. Watoto hawawezi safari ndefu. Mwaka jana simu ziliwazimikia kabla ya Gairo, ikawa vita. Barnaba alimng'ata dada yake Grace sikio, kisha wote wawili wakatapika. Wifi aliapa harudii. Eti watakuja wakikua.

Wakikua! Mama ana miaka themanini na moja. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa shati kwenye shingo.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimempigia asubuhi. Nimemwambia nakuja Dar kwa basi, nitarudi nao garini, kiti cha nyuma ni changu na watoto. Wakipigana hata mara moja sitamsumbua tena, aje peke yake mpaka Barnaba aote ndevu. Kakubali huku anacheka. Kicheko chenyewe sikukipenda.

Sare zitasubiri.

Jumamosi, 20 Desemba. Dodoma, nyumba ya wageni

Tumetoka Dar alfajiri. Simu zote nilizitia kwenye mkoba wangu, hata ya Wifi. Hakufurahi.

Nikaanza na vitendawili, kama tulivyolelewa. Tega, nategua, ukishindwa unatoa mji. Hapo nikaongeza sheria yangu: mji unaoutoa lazima uwe mbele yetu barabarani, na aliyeupata ndiye mtemi wake mpaka tuupite. Mtemi anaamua kama gari lisimame, na tununue nini.

Mpaka Chalinze walikuwa wamenuna. Baada ya Morogoro utamu ukawaingia. Barnaba, miaka saba, kaipata Dumila, kaamuru zinunuliwe nyanya. Mama yake kaomba soda, mtemi kakataa. Samweli alicheka mpaka akapunguza mwendo. Gairo ikawa ya Grace. Amri yake ya kwanza: kila mtu akajisaidie. Uongozi bora huo.

Kwenye mizani tulikuta foleni ya malori. Barnaba katega cha kwake: "Anapimwa kila siku, hanenepi." Wote tukashindwa. Lori! Kakitunga mwenyewe, hakuna kitabu wala mwalimu. Damu yetu hiyo. Nimejivuna kama mimi ndiye niliyemzaa.

Hakuna aliyetapika. Hakuna aliyeng'atwa. Wifi kaniambia asante, nusu mdomo, lakini kaniambia.

Jumapili, 21 Desemba

Tumefika nyumbani. Niandike yote, hata lisilopendeza.

Asubuhi nilipanda gari na kiburi changu chote. Barnaba akawa anashindwa tu kila kitendawili cha Grace. Alitoa Manyoni, akatoa Ikungi, akatoa Singida, akatoa Iguguno. Hata Ikungi hatujafika, kashindwa tena. Kabakiwa na mji mmoja, wa nyumbani kwetu.

"Nakupa Kinyangiri."

Aliyepewa mji huwa anakwenda huko, anasimulia alichokiona, ndipo anatoa jibu. Na kwetu aliyetoka kwenye mji aliopewa hagombezwi kwa alichosimulia. Hiyo sheria si yangu, niliikuta.

Grace, miaka kumi na moja, kasimulia hivi: "Nilikwenda Kinyangiri. Nikamkuta Bibi. Nikataka kukaa naye, Shangazi akasema msimchoshe. Nikakaa karibu na cherehani, Shangazi akasema usiguse. Usikanyage kitambaa. Nenda nje. Nje simjui mtu. Nikarudi garini kwenye simu. Jibu ni moshi."

Wifi katazama dirishani. Samweli macho barabarani. Hakuna aliyesema mtoto kadanganya.

Niliona aibu. Siku nzima kwenye basi kwenda kuwasafishia njia, kumbe wanachokikimbia ni mimi. Nyani haoni kundule. Nilitaka kukasirika, sheria ikanibana.

Nikamwuliza, "Mtemi, unaamuru nini Kinyangiri?"

Kafikiri mpaka tukafika Singida. Kisha kasema: cherehani itoke nje barazani, Bibi akae hapo hapo, na yeye Grace afundishwe kushona.

Cherehani yangu! Tangu niinunue haijaguswa na mkono mwingine.

"Mtemi kasema," nikajibu.

Na kwa kuwa Kinyangiri hatuipiti, ndipo mwisho wa safari, utawala wake ni mpaka waondoke. Sheria yangu mwenyewe imenifunga.

Mama alikuwa mlangoni tangu saa nne. Wamemwamkia, kawashika vichwa wote wawili, mmoja kila mkono, hakuwaachia upesi.

Jumanne, 23 Desemba

Grace kavunja sindano mbili. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikawafokea mbuzi. Nikarudi, nikatia sindano ya tatu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Grace kamshonea Bibi yake kimfuko cha miwani. Mshono umepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama kaenda nacho kanisani, kila aliyemsalimia kaonyeshwa. Mimi nashona mwaka wa ishirini na mbili sasa na hajawahi kunitembeza hivyo. Wivu haukunijia hata kidogo. Nilisimama nyuma yake nimetoa kifua, nikimwambia kila mtu nani alimfundisha.

Barnaba ana kundi la watoto wa jirani, anawatega na kuwanyang'anya miji. Kamaliza mkoa mzima, sasa anadai Nairobi.

Jumamosi, 27 Desemba

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Simu walizitia wenyewe kwenye mkoba wa mama yao, bila kuambiwa na mtu.

Nimeshona sare mbili. Nyumba imepoa.

Saa nane mchana Wifi kapiga kutoka Dodoma. Nilijua ni kunijulisha wamefika salama. Anasema Samweli kashindwa vitendawili, hana mji wa kutoa, kaachiwa Kibaigwa kwa huruma. Halafu, bila mimi kuuliza: "Wifi, Pasaka tunakuja. Wote." Yule aliyeapa. Nilisema sawa, taratibu, kana kwamba ni jambo la kawaida. Nilipokata simu nilipiga makofi kwa furaha, kuku wakaruka.

Nikamwambia Mama. Kauliza Pasaka ni lini. Nikasema Aprili. Kasema nimpime gauni.

Miaka minne namwomba nimshonee gauni jipya. Jibu lake moja tu, la nini, mimi naenda wapi. Leo kainuka mwenyewe kwenye kiti, kanyoosha mikono pembeni, kasimama wima nikampima.