Bia ya Hisako na Vyungu Vyako, Mama

Singida Mjini,
14 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na shamba umeshalitayarisha kabla mvua hazijachanganya. Mdogo wangu Calist hajambo? Mwambie ile jezi nimeileta. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Tafadhali usimpe Calist akusomee. Na usinipigie kabla hujafika mwisho. Kwenye simu ukiguna tu mimi hunyamaza, na nimenyamaza vya kutosha.

Nilirudi kutoka Japani Jumatatu. Leo ni siku ya nne niko hapa mjini na sijapanda basi la kuja huko nyumbani Kinampanda. Sijaweza.

Nilipoondoka nilikwambia nakwenda kujifunza usindikaji wa vyakula. Ilikuwa pombe, Mama. Kampuni yetu inataka kutengeneza bia ya mtama wa huku kwetu, ikanituma mimi na Bhavesh, yule kijana wa duka la vitambaa ambaye sasa ni fundi wetu wa mitambo, tukatembelee viwanda vidogo vya bia katika mkoa wa Shizuoka, kando ya bahari. Nilikuficha kwa sababu neno pombe halinitoki mbele yako. Utajua kwa nini.

Nilitegemea mitambo mikubwa na watu wenye makoti meupe. Kiwanda cha kwanza kilikuwa ghala la zamani la samaki, si kubwa kuliko darasa, na mwenyewe alikuwa akikoroga kwa mwiko mrefu huku jasho linamtiririka. Cha pili wanatia chai ya majani mabichi, cha tatu maganda ya machungwa. Saa nne asubuhi bibi wawili wa rika lako walikuwa wameketi na glasi zao, wanabishana ipi imeiva vizuri, wala hakuna aliyewatazama vibaya. Bhavesh, ambaye hanywi kabisa, alinicheka kwamba nashika glasi kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

Kilichonivunja ni kiwanda cha nne. Mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Hisako, mfupi, mikono imebabuka kwa maji ya moto kama yako. Alifungua pipa moja la pembeni, na harufu iliyotoka ilinirudisha jikoni kwetu: kimea, moshi kidogo, na ule uchachu wa siku ya tatu. Halafu akachota, akanywa yeye kwanza mbele yetu, ndipo akatumiminia. Nikamuuliza mkalimani kwa nini ameanza yeye. Akasema kila fundi ana namna yake; huyu husema mgeni lazima aone kwamba aliyepika hana wasiwasi na alichopika. Mama, hivyo hivyo ulivyokuwa ukifanya na kata yako ya kuchotea, na hukufundishwa na Mjapani.

Binti yake, wa umri wangu, alisimama mlangoni akiwaambia wageni wote, kwa sauti, mkalimani akitutafsiria, kwamba hii ameipika mama yake. Aliirudia kila kundi lilipoingia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa bandari. Bhavesh akanifuata akauliza kama nusu glasi ndiyo imeniangusha hivyo, Mnyiramba mzima, akitania. Aliponiona usoni akaacha, akaenda kuniletea maji.

Mama, sasa soma polepole.

Unakumbuka mwaka wa kipaimara changu, uliposimamishwa mbele ya kanisa na kutengwa kwa kupika pombe. Ulimhesabu jirani yetu Mama Damari kuwa ndiye aliyekusema, kwa kuwa siku moja kabla alikuja kuazima ungo akakuta kimea kimeanikwa nyuma ya nyumba. Tangu hapo hamjaazimana hata chumvi. Ulibadilisha njia ya kisimani. Damari alipoolewa hukwenda, na nilikuona umesimama nyuma ya mlango ukisikiliza vigelegele.

Mama Damari hakusema neno. Ni mimi.

Mwinjilisti Leonard alitutaka kwenye darasa la kipaimara kila mmoja aandike dhambi anayoijua. Wenzangu waliandika kuiba miwa. Mimi nilitaka kuonekana msafi kuliko wote. Niliandika ukurasa mzima: siku unazopika, wanaokuja kunywa, mahali unapoficha vyungu. Alinisifu mwandiko. Ilikuwa barua ya kwanza niliyoandika maishani, Mama, na ilikuwa ya kukushtaki.

Walikwambia ukivunja vyungu utarudishwa kwenye Meza ya Bwana. Hukuvunja, kwa sababu mimi nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari na hapakuwa na namna nyingine ya kupata ada. Miaka kumi na mitatu umekaa benchi la nyuma, wenzako wakiinuka kwenda mbele. Nami nikirudi likizo niliinuka nao, nikapita karibu na magoti yako, nikashiriki. Shuleni walipouliza kazi ya mama niliandika mkulima. Yule binti wa Hisako angeniuliza nini ningemjibu?

Haya yote nimemwandikia Mama Damari kwanza, barua yake imekwenda kwa basi la jana, pamoja na ombi langu la msamaha. Kwa hiyo yeye ameshajua kabla yako. Akija mlangoni, mfungulie. Hata kama mimi hutanifungulia.

Jumamosi nitashuka hapo stendi mchana. Nisalimie Calist, msalimie shangazi Emiliana, na kuku wako wote. Nikikuta kibuyu cha pombe yako mezani nitakaa. Wala usionje kwanza, Mama. Chochote utakachonimiminia nitakunywa.

Ni mimi mwanao,
Elina