Dozi ya Tatu, Kumasi Imefungwa

Jumatatu, 30 Machi 2020
Mji umefungwa. Kuku wanatembea katikati ya barabara. Dozi yangu ya tatu ya tibakemikali ni Alhamisi. Mama mkwe, Maame Tiwaa, hataki niende. "Titi limeshakatwa, Serwaa. Hospitali unafuata nini tena? Korona?" Saratani haijui kwamba mji umefungwa.

Jumanne, 31 Machi
Mume wangu Boadi amerudi na lori kutoka Accra — anakohoa! Maame anasema ni vumbi tu, ninyamaze, hospitalini wakijua watanifungia mlango. Jioni nikampigia nesi Dede, nikamwambia yote. Nilidhani atafoka. Akashukuru! Kasema wodini wapo wagonjwa ambao hata mafua yanaweza kuwaua. Dozi inasogezwa, haifutwi. Boadi apimwe, alale mbali nami. Nikipata homa, nipige simu hapo hapo.

Ijumaa, 3 Aprili
Boadi kapimwa. Analala kwenye lori, uani. Tunaongea dirishani kama wachumba.
"Kipara kinakupendeza, mke wangu."
"Mwongo wewe!"
"Sasa niseme nini, na sahani ya chakula unayo wewe?"
Nimecheka peke yangu kitandani.

Jumatatu, 6 Aprili
Majibu bado. Nimejipapasa kwapani — uvimbe, au woga? Nimempigia Dede. Kasema daktari ataniangalia nikienda, na siku hizi za kuchelewa wameshazipigia hesabu. Woga haujaondoka. Umepungua.

Alhamisi, 9 Aprili
Hana! Boadi hana korona! Maame kacheza uani mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Sasa anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyenishauri nipige simu. Haya, Maame.

Jumanne, 14 Aprili
Naandikia hospitalini. Langoni wamenipima joto. Boadi kabaki nje, wasindikizaji hawaruhusiwi. Daktari kapapasa kwapa: kovu tu. Damu iko sawa. Dawa inashuka kwenye mpira, nyekundu kama sharubati ya sobolo. Viti vimetenganishwa, kwa hiyo Memuna, mgonjwa wa kiti cha pili, anaongea kwa kupiga kelele ndani ya barakoa — chumba kizima tunajua mambo ya mumewe!
"Dada! Krismasi utavaa nini?"
Krismasi! Na huu ni Aprili! Nimecheka mpaka Dede kanikemea, nisitikise mkono wenye sindano.
Chupa ya dawa imefika nusu. Memuna bado anangoja jibu. Gauni la kijani, labda. Au lile la njano lenye maua.