Dola ya Bibi Kapewa Rukia

Jumanne, baada ya magharibi. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, mtaa wetu wa Gerezani wote ni tope, na mafundi wa gereji jirani wamefunga mapema. Nina hasira, na mvua haihusiki.

Shajara, kwako sitazunguka. Nina wivu. Nimeamka nao, nimeuza nao khanga dukani mpaka alasiri, na sasa nimekaa nao hapa jikoni.

Bibi amempa Rukia dola.

Ni dola ya fedha ya Marekani, ya zamani, nzito, pana kuliko sarafu yoyote tunayotembea nayo mfukoni. Upande mmoja ina kichwa cha mwanamke mwenye nywele nyingi, upande wa pili tai aliyekunjua mabawa. Babu alikuja nayo enzi zile anafanya kazi melini. Tangu nipate akili inakaa kwenye mkebe wa Bibi pamoja na udi, na kila Iddi Bibi huitoa akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka inawaka. Kuishika ilikuwa marufuku. Unaangalia, unasema mashallah, inarudi kwenye mkebe.

Rukia ni binti wa mjomba. Anakaa Kigamboni. Anakuja Iddi kwa Iddi, anakula pilau, anapiga picha na Bibi, anawahi pantoni. Mimi ndiye niliyelelewa humu tangu mchanga. Mimi ndiye ninayempaka Bibi dawa ya miguu na kumwosha nywele, na ninayejua kwamba chai isipokuwa na tangawizi ataimaliza yote huku amenuna. Iddi ya wiki iliyopita Rukia alikuja na mkate wa kumimina, Bibi akafungua mkebe, akamwekea dola kiganjani na kumfumba vidole. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia.

Nilitabasamu. Mungu anajua nilivyolitafuta lile tabasamu.

Leo Rukia akanipigia simu. Anataka kujua thamani yake, na hana wa kumpeleka mahali pa kuaminika zaidi yangu. Nilikubali haraka mno. Na hapa naandika nisichoweza kukisema mbele ya mtu: njia nzima kwenda Posta nilikuwa naomba iwe bandia.

Posta kuna mzee anayeuza sarafu za kale na stempu kwenye duka jembamba, wateja wawili tu limejaa. Tulimwamkia, akaitika "Marahaba, wanangu" bila kuinua uso. Akaipima kwenye mizani ndogo. Akaipitishia sumaku, haikunata. Akaigonga taratibu kwa sarafu nyingine, ikatoa mlio mrefu, mwembamba. Kisha akausoma mwaka chini ya shingo ya yule mwanamke, akaigeuza, akatafuta herufi ndogo chini ya tai. Alisema herufi ile ndiyo inayoonyesha sarafu ilipigwa mji gani, na kila mji una bei yake.

"Hii ni ya kweli," akasema. "Fedha halisi."

Rukia akanibana mkono kwa furaha. Mimi nikageuka kuangalia stempu.

Ndipo mzee akachukua kioo cha kukuzia, akakunja uso. "Nani kaisugua hivi?"

"Bibi yetu. Kila Iddi," nikajibu, Rukia hajafungua hata mdomo.

Akaguna. Wakusanyaji, alitueleza, wanautaka ule weusi wa uzee. Ukishausugua, umeiharibu. Na halikuwa hilo tu. Karibu na ukingo, juu ya kichwa cha yule mwanamke, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa fedha, kazi safi kiasi kwamba kwa macho matupu hulioni. "Mkusanyaji haigusi hii, binti. Itauzwa kwa uzito wa fedha yake basi. Afadhali umpelekee sonara akutolee hereni."

Nilifurahi, shajara. Nilimpa Rukia pole kwa sauti ya msibani, na rohoni nilikuwa nacheza. Alivyosema kesho asubuhi ataipeleka iyeyushwe, angalau apate hizo hereni, nikamwelekeza hadi kwa sonara wangu wa Kariakoo.

Nimerudi nyumbani na tope mpaka magotini na mwili mwepesi. Bibi alikuwa kitandani anavuta tasbihi. Sikungoja hata kuvua viatu.

"Bibi, ile dola yako ina tundu, limezibwa. Wanasema haina thamani."

Nilitaka kumwona akishtuka.

"Si ndilo tundu lako hilo?" akasema, kidole bado kiko kwenye tasbihi.

Kumbe nilipokuwa mchanga nilishikwa na degedege. Dawa za hospitali nilipewa, lakini roho ya Bibi haikutulia. Akaichukua dola ya mumewe, akaipeleka kwa sonara ikatobolewa, akanivalisha shingoni kwa uzi mweusi mpaka nikapata nguvu. Babu alikuwa safarini. "Niliposikia meli inarudi, mbio kwa sonara, aizibe," akasema. "Babu yako kafa hajui." Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Nilijishika shingo kama mjinga.

"Sasa mbona hukunipa mimi?"

"Wewe ulishaivaa. Mwenzio hajavaa kitu changu hata siku moja. Huoni anavyokuangalia akija humu?"

Nilitaka kumjibu kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini. Lakini kweli sikuwahi kuona. Rukia akija, mimi huwa naangalia mkoba wake.

Kwa hiyo nimekaa hapa na simu mapajani. Nikinyamaza, kesho dola inayeyuka, na Rukia atavaa hereni asizojua zimetoka wapi. Nikimwambia, ataithamini, na haitarudi kwangu abadan. Na ipo njia nyingine, usidhani mimi malaika: nimwambie nitainunua mwenyewe kwa bei ya sonara, nisimweleze lolote, nibaki na tundu langu.

Hiyo ya mwisho nimeifikiria mpaka wali umeungua.

Kisha nikamwandikia. "Usiiyeyushe. Lile tundu Bibi alilitoboa kwa ajili yangu, nilikuwa mtoto mgonjwa, akanivalisha." Nikaituma kabla sijajionea huruma.

Kajibu. "Siku zote najua mjukuu ni wewe, sisi wengine wageni. Muulize sonara wako kama linazibuka. Na mimi nataka kuivaa."

Nimeusoma ujumbe, nikauweka, nikausoma tena. Wali nimeukwangua, Bibi amekula, amenuna.

Nitamuuliza sonara. Kesho nitapita kwake kabla ya kufungua duka, na uzi mweusi nitaununua mimi, ule mnene usiokatika. Ila wivu haujaniondoka. Rukia ataivaa, nami kila Iddi nitapakua pilau huku naiangalia ikining'inia kwenye tundu langu.